Sikio na pua vimepotelea wapi?

Kwetu Tanga tarehe 14 Oktoba ni siku ya Nyerere. Shule zimefungwa, redio inarudia hotuba zake tangu alfajiri, na mtu mwenye akili zake hapangi kazi ngumu. Hapa Maharashtra, jimbo la India, tarehe hiyohiyo ina uzito mwingine. Ndiyo siku ambayo Dk. Ambedkar, kiongozi wa waliobaguliwa, mwaka 1956 pale Nagpur, aliingia dini ya Buddha, na malaki ya watu waliochoka kuitwa najisi wakaingia naye. Kila mwaka watu humiminika Nagpur kuiadhimisha, wengine kwa treni za usiku, wamejazana hadi mlangoni.

Basi wazee wangu wa hapa wakaamua, bila kuniuliza, kwamba tovuti mpya ya maandiko ya Kibuddha ninayowatengenezea ifunguliwe usiku wa kuamkia siku hiyo. Tena mwaka huo wa 2024 walikuwa na furaha ya ziada: tarehe 3 Oktoba serikali ya India ilikuwa imekiingiza Kipali, lugha ya maandiko hayo, katika orodha ya lugha za kale zinazotambuliwa rasmi, pamoja na Kimarathi chenyewe. Nikawaambia sisi mafundi tuna mwiko mmoja, usifungue kitu kipya siku ambayo dunia nzima inakuja kukitazama. Kaka akacheka, akaniongeza chai.

Huyu Kaka inabidi nimweleze, maana mama yangu alihangaika naye mwaka mzima. Kwa Kimarathi "kaka" ni baba mdogo. Ni mwalimu mstaafu wa Kipali, ana miaka sabini na kitu, anakaa mtaa wa nyuma ya kwangu hapa Pune, ghorofa ya pili, nyumba imejaa vitabu mpaka chooni. Mimi nikimpigia mama nikamwambia "nilikuwa kwa Kaka", yeye anajua nimepata kijana wa kuniangalia, anauliza ameoa? Siku nilipomwambia Kaka ana wajukuu wanne, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mpe shikamoo yake." Nikaifikisha. Kaka akataka kujua maana yake, nikamwambia huwa tunaambiwa ni "nashika miguu yako". Akafurahi kama mtoto. Wao nao huwashika wazee miguu, ila wao wanainama kwelikweli, siyo sisi tunaoshika kwa mdomo huku tumekaa.

Nilikuja Pune mwaka 2010 kusoma kompyuta, nikapata kazi, nikabaki. Kazi ya tovuti nilianza kwa kumtengenezea Kaka simu. Alilalamika kwamba maandiko aliyokuwa akiyasoma yanatoka vibokisi vitupu mahali pa herufi. Nilidhani ni fonti tu, dakika kumi nimemaliza. Huu ni mwaka wa nne.

Tovuti ya zamani ilikuwa kurasa kavu za HTML, zaidi ya elfu tatu, zilizochapwa na watu wa kujitolea kwa miaka mingi, kila mmoja na kompyuta yake na imani yake kuhusu herufi. Kipali hakina hati yake yenyewe. Sri Lanka wanakiandika kwa Kisinhala, Burma kwa Kiburma, Thailand kwa Kithai, India kwa Devanagari, na wasomi wa Ulaya wakakiweka katika hizi herufi zetu za a be che, wakaongeza alama: mstari juu ya irabu ndefu, ā, ī, ū, na nukta chini ya konsonanti, ṭ, ḍ, ṇ, ḷ, na ile ṃ inayotamkwa puani. Kabla ya kuenea Yunikodi, mfumo wa pamoja wa herufi za lugha zote kwenye kompyuta, kompyuta nyingi hazikuzijua alama hizo, kwa hiyo watu wakabuni mbinu. Mojawapo inaitwa Velthuis: irabu ndefu unaiandika mara mbili, na nukta ya chini unaiweka mbele ya herufi. Chukua majina ya mafungu ya maandiko: Dīgha Nikāya inakuwa Diigha Nikaaya, Saṃyutta inakuwa Sa.myutta. Ni mbinu safi, na ilitaka kunitoa roho.

Nilipoanza, kijana wa mjini, nilimwuliza Kaka: hivi vistari vina faida gani, si tuviondoe tu, watu wenyewe hawaviandiki? Akachukua karatasi akaandika mala, chini yake mālā. La kwanza ni uchafu. La pili ni shada la maua. Akanionyesha Dhammapada, beti 423 katika sura 26: sura ya 4 ni ya maua, na mle mna mtu anayetunga mashada mengi kutoka rundo moja la maua, sura ya 18 ni ya uchafu, ndiyo Malavagga. "Ukiondoa mstari," akasema, "utamvisha bwana harusi uchafu shingoni."

Sikubishana tena. Nilikumbuka chuoni kwa baba mkubwa, tumekaa mkekani na mbao zetu, na fimbo yake ndefu iliyoweza kumfikia mtoto wa safu ya tatu. Ukikosea irabu moja, fat'ha ukaisoma kasra, hakuwa akisema "umekosea kidogo". Alikuwa anakurudisha mwanzo wa aya. Mimi ni Mwislamu, na Kaka anajua, na Ramadhani Kaku, mkewe, huniwekea chakula cha kufuturu. Marafiki wengine wa nyumbani hunitania kwamba nimeingia upagani wa tovuti. Baba mkubwa, ambaye ana Kurani yote kifuani, nilipomweleza, aliuliza swali moja tu: "Na hao wanahifadhi kwa moyo?" Nikamwambia walihifadhi kwa moyo karne kadhaa kabla ya kuandika. Akasema, "Basi ni watu."

Na ni kweli. Kaka husimulia kisa hicho kama kimetokea juzi mtaani. Maandiko yalibebwa vichwani, watawa wakigawana mafungu, hawa wanasoma marefu, hawa ya kati. Karne ya kwanza kabla ya Kristo, Sri Lanka ikapigwa na vita na njaa, watawa wakafa wengi, ikaonekana fungu zima linaweza kwenda kaburini na mzee mmoja. Ndipo waliposhika majani ya miti ya jamii ya mtende wakaandika, na mapokeo yanapataja Aluvihara, karibu na Matale. Tangu hapo ni kuhama tu: majani, karatasi, mawe. Kule Mandalay, Mfalme Mindon aliyachonga yote katika miaka ya 1860 kwenye mabamba 729 ya marumaru, kila bamba na kibanda chake. Kaka akitaka kuniudhi hunikumbusha kwamba tovuti ya Mindon haijazimika hata siku moja.

Turudi kwenye nukta. Niliandika programu ya kubadilisha Velthuis kuwa Yunikodi. Ikiona .t inaweka ṭ, ikiona .n inaweka ṇ. Ilipita kwenye faili zote kwa sekunde arobaini, nikajipigia makofi. Baada ya wiki Kaka akanipigia: "Beta (mwanangu), hapa Buddha yuko mji wa Sāvatthi, katika bustani ya Anāthapiṇḍika, halafu kuna neno silijui, ārāmeṬatra. Wewe unalijua?" Sikulijua. Hakuna anayelijua. Lililopaswa kuwapo ni ārāme, nukta, kisha sentensi mpya, Tatra. Mchapaji mmoja, Mungu amlaze pema kama ameshatangulia, hakuwa na desturi ya kuacha nafasi baada ya nukta. Programu yangu ikaona nukta mbele ya T, ikaifanya herufi. Na kwa kuwa mahubiri mengi huanza kwa maneno hayohayo, kosa lilijirudia mamia ya mara, kila mahali Buddha alipofungua mdomo. Nililirekebisha kwa kanuni ya kwamba herufi hizo kubwa hazikai katikati ya neno, lakini yale ya herufi ndogo tuliyapitia kwa macho, mimi na Kaka na kijana mmoja anayesoma Kipali chuo kikuu. Jumanne na Alhamisi, baada ya chakula, miezi mitatu.

Usiku wa Jumapili tarehe 13 tulikuwa wanne sebuleni: Kaka, Kaku, yule kijana na mimi. Siku mbili kabla nilikuwa nimeshapunguza muda wa DNS, lile daftari la anwani za mtandao, uwe dakika tano, ili nikigeuza anwani kwenda seva mpya watu wasikae siku nzima wakipelekwa nyumba ya zamani. Saa tano na nusu usiku nikageuza. Tukakaa. Hakuna kitu kinachochosha kutazama kama DNS. Kaku alikuwa wa kwanza kuona ukurasa mpya, kwenye simu yake, saa sita kasoro dakika sita, akaupokea bila shangwe yoyote: "Herufi ni ndogo." Kaka akafungua hotuba ya kwanza ya Dīgha, fungu la hotuba ndefu, akasoma kwa sauti maneno yanayofungua karibu kila moja, Evaṃ me sutaṃ, hivi ndivyo nilivyosikia. Tukala peda, vitamu vya maziwa, tukalala.

Simu ya kwanza iliingia saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mwalimu mmoja wa kike, yuko Nagpur, nyuma yake nasikia ngoma na vipaza sauti. Namba yangu alipewa na Kaka, ambaye huigawa kama peremende. Aliitaka hotuba ya moto, ile Buddha anayosema kila kitu kinawaka, awasomee wenzake kwenye foleni. Ametafuta neno āditta, yaani kinachowaka, amepewa Vinaya tu, fungu la kanuni za watawa. Saṃyutta, ambako hotuba hiyo ni ya 28 katika fungu la 35, haimo. "Mmeiondoa?" aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua kwamba tumeiondoa.

Hotuba ilikuwamo. Nikaifungua kwa anwani yake, hiyo hapo. Nikaandika āditta kwenye kisanduku cha kutafutia: kwa Saṃyutta hakuna. Nikaandika bila mstari, aditta: hakuna. Nikalinakili neno kutoka ukurasani kwenyewe, nikalibandika kisandukuni: limepatikana. Nikaandika tena kwa vidole vyangu: hakuna. Ukiyatazama maneno mawili haya kwenye kioo huoni tofauti hata ukiweka lenzi.

Aliyewahi kufanya kazi na herufi zenye alama ameshacheka. Yunikodi ina njia mbili za kuandika ā. Moja ni herufi iliyokamilika, mstari na a vimezaliwa pamoja; kwenye diski ni baiti C4 81. Ya pili ni a ya kawaida, 61, ikifuatwa na mstari unaoelea, CC 84, unaokuja kuikalia kichwani. Macho yanaona kitu kimoja, kompyuta inaona viwili. Kuna kazi inayojulikana ya kuzisawazisha, imo ndani ya lugha nyingi za programu, mstari mmoja tu. Mimi sikuitumia. Nilitengeneza orodha yangu kwa mkono, ā iwe a, ṃ na ṁ ziwe m, na kadhalika, nikaiona nzuri kwa sababu ni yangu. Orodha ilijua herufi zilizokamilika tu. Dīgha na Majjhima, fungu la hotuba za kati, zilikuwa hivyo, na Dhammapada, na hizo ndizo nilizojaribia. Saṃyutta yote ilitoka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, mistari inaelea. Kwa hiyo fungu lile zima lilikuwa ukurasani linasomeka, na kwenye faharasa limekuwa bubu.

Nikaongeza mstari ule mmoja, nikajenga faharasa upya. Saa tatu asubuhi ilikuwa tayari. Nikampigia mwalimu. Akajaribu: hakuna. Nikamwambia afunge afungue: hakuna. Kwangu inapatikana, kwa Kaku inapatikana, kwa Kaka haipatikani. Kaka na mwalimu walikuwa na jambo moja linalowaunganisha: wote wawili walikuwa wameshaifungua tovuti mpya kabla sijaitengeneza. Kaku naye aliifungua, lakini simu yake ilijaa picha za wajukuu, kwa hiyo haikuhifadhi kitu.

Hilo nalo nilijitakia. Nilitaka tovuti isomeke hata penye mtandao wa kubahatisha, vijijini, ndani ya treni. Kwa hiyo niliweka kijiprogramu kinachobaki ndani ya kivinjari na kuhifadhi kurasa pamoja na faharasa. Msomaji akirudi, hicho ndicho kinachomhudumia kwanza, na seva hata haipati habari. Nikawa nimetengeneza mlinzi mwaminifu mno, anayelinda kosa langu katika simu za watu ambao siwajui. Kubadilisha seva hakumgusi. Inabidi umpelekee toleo jipya la yeye mwenyewe, linalosema tupa ulivyonavyo, anza upya, na usingoje mpaka kurasa zote zifungwe. Nililituma saa tano na nusu. Katika ile sura ya uchafu kuna ubeti unaosema uchafu wa visomo ni kutovirudia, uchafu wa nyumba ni kutoishughulikia, na uchafu wa mlinzi ni uzembe. Kaka alinisomea huo huku nikiwa natuma. Nilimwomba aende kupumzika.

Mchana ikawa zamu ya anwani za zamani. Seva ya awali ilikuwa ya Windows, ambayo haijali herufi kubwa na ndogo. Mpya ni ya Linux, inajali. Kwa miaka yote watu waliandika anwani walivyopenda, DN16.htm, dn16.htm, Dn16.HTM, na zote zilifika. Mimi niliandaa njia za kuwahamisha wenye herufi ndogo pekee, maana ndizo zilizokuwa kwenye faili zangu. Kumbukumbu za seva zikaonyesha 404, yaani "ukurasa haupo", zinamwagika, na nyingi zilitoka kwenye vijitabu, vile vya karatasi nyepesi vinavyogawiwa bure, ambavyo mtu aliwahi kuvichapa na anwani chini ya kila somo. Kijitabu hakisasishwi. Mtu anakaa nacho miaka kumi na mitano, siku anaamua kuandika anwani ile kwenye simu kwa mara ya kwanza, anaambiwa ukurasa haupo. Hili liliniuma kuliko yote ya siku ile, ingawa ndilo lililokuwa jepesi zaidi kutengeneza. Bado zimenibakia anwani kumi na saba ambazo siwezi kujua zilikuwa zinaelekea wapi.

Saa tisa mchana mwalimu wa Nagpur akapiga tena. Nilipokea nikiwa nimeshafumba macho. Hotuba ameipata. Anashukuru. Lakini sasa kuna tatizo kubwa zaidi.

"Jicho linawaka," akasema. "Halafu ulimi unawaka. Halafu akili inawaka. Sikio na pua vimepotelea wapi? Na mwili?"

Nikatazama. Kweli. Jicho, rangi na maumbo, kuona, yote yanawaka, kisha nukta tatu, pe, nukta tatu, kisha ulimi. Moyo ukanidunda, nikaona programu yangu imekula maandiko matakatifu ya watu siku ya sikukuu yao. Nikawa tayari nafungua nakala rudufu. Kaka akaniuliza kuna nini, nikamwonyesha. Akacheka hadi akavua miwani.

Pe ni kifupi cha peyyāla. Ni alama ya wenyewe, imo katika maandiko ya mkono tangu zamani: hapa rudia kama hapo juu, badilisha neno tu. Mwandishi wa majani yale alikuwa na jani dogo na wasomaji wanaojua kisomo chote kwa moyo, kwa nini aandike maneno yaleyale mara sita, jicho mpaka akili? Wote wangelijaza wenyewe kwa sauti. Sisi tuliobaki ndio tunaoona shimo.

Nikamwambia Kaka ni rahisi, naweza kuyajaza yote kwa programu. Akaacha kucheka. Walichokiacha wazee tusikijaze kimyakimya, alisema. Kesho mtu atadhani ndivyo kilivyoandikwa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Tukaafikiana kwamba pe ibaki mahali pake, na anayeigusa afunguliwe yaliyomo kwa rangi ya kijivu, yakiwa na maelezo kwamba tumeyajaza sisi. Na yajazwe na mtu anayejua, siyo na programu, kwa sababu jinsia za maneno zinabadilika: jicho ni ādittaṃ, ulimi ni ādittā, akili ni āditto. Baada ya ārāmeṬatra sikuwa na hoja.

Kisha akaichukua simu yangu, mwalimu bado yuko hewani, akamsomea sikio. Kwa kichwa, taratibu, sotaṃ ādittaṃ, saddā ādittā. Kufika puani upande wa pili walishaanza kumfuatisha, mwalimu na watu wa foleni yake, kwenye kipaza sauti cha simu. Kaku alitoka jikoni na mikono ya unga, akasimama mlangoni mpaka mwili ukaisha.

Kitufe cha kijivu kimeshaanza kufanya kazi kwenye Saṃyutta 35. Kaka anasoma, mimi nachapa, Jumanne na Alhamisi baada ya chakula. Mpaka juzi tumefika puani.